KUMNYONYESHA MTOTO MCHANGA: MAJAWABU KWA BINTI YETU ALIYEKO KONA BARIDI

Tumepokea barua ndefu ya binti yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye tangu kuolewa kwake anakaa na mumewe Kona Baridi. Wasiopajua mahali hapo na waelewe kuwa ni pale barabara ya Magadi ipitapo begani mwa vilima vya Ngong, ukishaipita Kiserian, kabla ya kuteremka katika Bonde la Ufa. Ni nchi ya Kajiado, nchi ya Wamasai na mifugo yao, na upepo wake ndio ulioipa jina.

Binti huyu amejifungua mtoto wake wa kwanza. Mama yake mzazi yuko mbali, wala hakuna shangazi wala somo wa kumkalisha arubaini kama tulivyozoea kwetu. Alio nao ni majirani wema, na simu. Na simu hiyo kila ilipolia ilimletea agizo lipinganalo na la jana: mpe maji ya sukari, usimpe maji, mlambishe asali, maziwa ya mwanzo ni machafu, yakamue uyamwage, upepo wa huko umekuingia kifuani, maziwa yamepoa, mwambie mumeo anunue maziwa ya mkebe. Mwisho wa barua ameandika kuwa anachelea maziwa yake hayatoshi, na kuwa kila usiku mtoto aliapo yeye hulia pamoja naye, akidhani kuwa atamfia mikononi.

Neno hilo la mwisho ndilo lililotufanya tuiweke kando mada tuliyokuwa tumeiandaa. Kwani hofu hii si ya aliye mbali peke yake. Imewaingia hata walioko Mji wa Kale, ambao mama zao wako mlango wa pili.

Kwanza na tuiangalie Qur'ani yasemaje. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, mama wameelekezwa kuwanyonyesha watoto wao miaka 2 kamili, kwa atakaye kuitimiza. Na baba amewajibishwa kuwalisha na kuwavisha mama hao kwa wema. Tena imekatazwa mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, wala baba kwa sababu ya mtoto wake. Aya hii kwetu husomwa nusu. Wanaume wengi hukumbuka ile sehemu ya mama kunyonyesha, na hawaikumbuki ile ya baba kulisha. Mwanamke anyonyeshaye huhitaji chakula zaidi kuliko alipokuwa mjamzito. Huhitaji maji ya kunywa, usingizi, na mtu wa kumchukulia mtoto baada ya kunyonya ili apate kuoga na kuswali. Mume ambaye hurejea nyumbani akaulizia chakula chake kabla ya kumwuliza mkewe kama yeye amekula, huyo ameiacha nusu ya aya, hata awe hodari wa kuisoma kwa tajwidi.

Sasa tuyaingie maswali yenyewe.

Maziwa ya siku 2 au 3 za mwanzo, mazito na ya rangi ya manjano, ambayo hufananishwa na dang'a ya ng'ombe, si machafu hata kidogo. Ndiyo yaliyojaa zaidi zile kinga za mwili ambazo mama hupambana nazo na maradhi, na kwa kuyanywa, mtoto hupokea silaha kabla hajakutana na adui. Yafaa apewe ziwa ndani ya muda wa saa 1 tangu kuzaliwa. Na maziwa hayo huwa machache kwa hekima, kwani tumbo la mtoto siku ya kwanza halichukui kwa mnyonyo mmoja zaidi ya kijiko kidogo cha chai au kinachozidi hapo kidogo. Mama akikamua akaona matone, asilinganishe na chupa. Alinganishe na tumbo lile.

Na hapa ndipo tutakapokawia, kwa kuwa ndipo penye mzizi wa hofu. Ziwa si mtungi ujazwao asubuhi ukaisha jioni. Ni mfano wa kisima cha mchangani: kadiri kitekwavyo ndivyo maji yake yajavyo, na kikiachwa bila kutekwa hujifukia. Mtoto anyonyapo, mwili wa mama hupelekewa habari mbili. Ya kwanza huuambia utengeneze maziwa mengine, na habari hii huwa na nguvu zaidi usiku. Ndiyo maana kunyonyesha usiku hakufai kuachwa katika miezi ya mwanzo. Ya pili huyafungua maziwa yaliyokwisha kutengenezwa yapate kushuka. Hii ya pili ndiyo ichelewayo mama akiwa na hofu, maumivu au huzuni. Basi mwenye wasiwasi huweza kumweka mtoto kifuani na maziwa yakakawia kushuka, naye akasema yamekauka, ilhali yamo. Dawa yake ni kukaa vizuri, kuegemea, kumlaza mtoto ngozi kwa ngozi kifuani, na kuwaondoa chumbani wale wasimamao mlangoni wakitikisa vichwa.

Kinachokausha maziwa kwa kweli ni hiki kifuatacho, nacho tumekiona katika nyumba nyingi. Mtoto hulia, bibi husema hashibi, huletwa chupa. Mtoto akishiba chupa hulala, na ziwa halinyonywi kwa muda. Mwili wa mama hudhani kuwa mahitaji yamepungua, nao hupunguza. Kesho mtoto hulia zaidi, chupa huongezwa, na baada ya majuma machache maziwa yamepungua kweli. Hapo watu husema, "Hatukukwambia?" Nao ndio walioleta jambo lenyewe.

Basi mama atajuaje kama mtoto anapata? Asitazame ukubwa wa ziwa, wala ulaini wake, wala kilio. Atazame nepi. Tangu siku ya 5 hivi, mtoto apataye maziwa ya kutosha hukojoa mara 6 au zaidi kwa usiku na mchana, na mkojo wake si wa rangi kali. Atazame na mizani ya kliniki: mtoto hupungua kidogo siku za mwanzo, jambo ambalo huwatisha wengi bure, kisha hurejea uzito aliozaliwa nao yapata majuma 2, na kuendelea kupanda. Asikilize pia koo: anyonyaye vizuri husikika akimeza. Na kunyonya mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana ni desturi ya watoto wote wachanga. Si dalili ya njaa wala ulafi.

Chuchu zikiuma au kupasuka, mara nyingi sababu ni namna mtoto alivyoshika. Akishika ncha tu, mama huumia na mtoto hapati. Na asubiriwe afumbue kinywa wazi kabisa, ndipo aletwe kwenye ziwa, kidevu kiguse, mdomo wa chini ugeuke nje, na sehemu kubwa ya lile duara jeusi iingie kinywani. Jambo hili ni rahisi kulionyesha na gumu kuliandika. Muuguzi wa kliniki au mhudumu wa afya ya jamii hulirekebisha kwa dakika chache. Binti yetu asione haya kuomba aonyeshwe.

Ama kilio cha usiku, jueni kuwa watoto wengi wenye afya huzidi kulia nyakati za jioni na usiku tangu juma la 2 au la 3, kilio hicho hufika kilele yapata juma la 6, kisha hupungua kufikia miezi 3. Huku kwetu wakati huo ndio msimu wa hirizi na mvuje. Mtoto hufungwa vifundo shingoni na mkononi, hufukizwa, na fundi hulipwa. Kisha kilio kikipungua chenyewe kwa kadari yake, fundi husifiwa. Kumwombea mtoto kinga kwa Mwenyezi Mungu ni Sunna, na Mtume (S.A.W.) aliwaombea wajukuu zake Hasan na Husein. Kumtundikia mtoto vifundo ni jambo jingine kabisa. Tena kamba ya shingoni huweza kumkaba usingizini.

Lakini ziko dalili ambazo si za kungojewa asubuhi. Mtoto mchanga anayekataa kunyonya au aliyelegea asiyeamshika, mwenye homa au mwili wa baridi, anayehema kwa shida, aliyeingia manjano machoni na hadi nyayoni, au asiyekojoa, huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Na mama mwenye ziwa jekundu, gumu, lenye maumivu pamoja na homa, naye aende, wala asiache kunyonyesha kwa ajili hiyo. Kadhalika mama ambaye huzuni haimwachi majuma mawili baada ya kuzaa, ambaye hapati usingizi hata mtoto akilala, au ambaye moyo wamwambia ajidhuru au amdhuru mtoto: huo ni ugonjwa unaojulikana na wenye tiba, si udhaifu wa imani, na aambiwe daktari. Twamwomba mume wa binti yetu asome sehemu hii mara mbili.

Kuhusu upepo wa Kona Baridi, maziwa yatokayo mwilini yana joto la mwili, kule na Lamu ni mamoja. Baridi haiyaharibu. Linaloweza kutokea ni chuchu kuuma ikipigwa na baridi baada ya kunyonywa, nalo hutibiwa kwa shali na kitambaa chenye uvuguvugu. Tena tukumbuke kuwa Waarabu wa Makka walikuwa wakiwatoa watoto wao wachanga mjini wakawapeleka jangwani kwa ajili ya hewa safi, na hivyo ndivyo Mtume wetu alivyolelewa na Bibi Halima wa Bani Saad. Pengine aliyeko nyanda za juu ana la kushukuru kuliko sisi tulio katika moshi wa mji.

Sasa maji na asali. Maziwa ya mama takriban sehemu 88 katika 100 ni maji. Mtoto hahitaji mengine, hata katika kaskazi ya Mombasa, mpaka atimize miezi 6. Maji humjaza tumbo bila kumlisha, na yakiwa si safi humharisha. Ndiyo kauli ya Shirika la Afya Duniani na ya Wizara ya Afya ya Kenya: maziwa ya mama matupu kwa miezi 6, kisha chakula pamoja na ziwa hadi miaka 2 au zaidi. Ama asali, Qur'ani imetaja kuwa ndani yake mna shifaa kwa watu, nasi twaamini. Lakini dawa ya mkubwa huweza kuwa dhara kwa mdogo. Asali huweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtoto asiyetimiza mwaka haliwezi kukishinda, nacho hutoa sumu ya kulegeza misuli hata ya kupumulia. Basi asilambishwe kabla ya miezi 12. Na tahniki, iliyo Sunna, asili yake ni tende iliyolainishwa na kugusishwa kaakaani, kiasi kidogo mno; yafanywe na mtu mzima wa afya, aliyenawa mikono. Si mlo, wala si mlango wa kuanzishia uji.

Maziwa ya mkebe si haramu, na wako watoto ambao hawana budi nayo, kama aliyefiwa na mama. Lakini tusiyadhanie kuwa ni dalili ya maendeleo. Mwaka 1939, daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alisimama Singapore mbele ya wafanyabiashara akatoa hotuba ambayo jina lake lilikuwa ni Maziwa na Mauaji, akashutumu matangazo yaliyokuwa yakiwafanya mama kuacha kunyonyesha. Ilichukua miaka 42 hata mataifa, mwezi wa Mei 1981, yakapitisha mjini Geneva kanuni ya kuyazuia matangazo hayo. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012: maziwa ya watoto wachanga hayatangazwi, wala hayagawiwi bure kwa mama, wala kampuni haziruhusiwi kuwapa wauguzi zawadi ili wayasifu. Ukimwona mtu yuasifu mkebe mlangoni mwa kliniki, jua kuwa yuavunja sheria.

Kwa Kajiado hasa, lipo la kuongeza. Unga wa mkebe huhitaji maji, na maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini ya floridi kupita kiasi. Ndiyo yapakayo meno ya watu wa huko rangi ya kahawia. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floridi haiondoki kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe huzidi ukali. Maziwa ya mama huwa na floridi chache mno hata kama mama mwenyewe yuanywa maji hayo. Na katika ukame wa tangu mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, mvua zilipokosekana misimu 5 mfululizo na ng'ombe wakafa kwa wingi, ziwa la mama halikungoja lori la maji. Ama maziwa ya ng'ombe, hata yakiwa mapya kutoka kwa jirani Mmasai, ni chakula cha ndama. Humchosha figo mtoto mchanga na hayamtoshelezi madini ya chuma. Na yangoje.

Mama aishiye na virusi vya UKIMWI asiambiwe na mtu yeyote aache kunyonyesha kwa kukisia tu. Akitumia dawa zake kila siku bila kukosa na mtoto akapewa zake, mwongozo wa sasa ni kuwa anyonyeshe maziwa matupu miezi 6 kama wengine, kisha aendelee, chini ya uangalizi wa kliniki.

Wapo tena mama ambao hofu yao si ya maziwa bali ya kazi. Kitengela imejaa wafanyakazi wa viwanda vya Athi River, na wengi ni wanawake wa umri wa kuzaa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imempa mama likizo ya miezi 3 yenye mshahara. Tumeambiwa maziwa matupu miezi 6. Basi 3 iliyobaki nani aichukue? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imemwagiza mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea au kukamulia, chenye maji ya kunawa na mahali pa kuhifadhi. Mama na akiulize. Maziwa yaliyokamuliwa katika chombo safi chenye kifuniko hukaa muda wa saa 4 katika chumba kisicho na joto, na siku 4 ndani ya friji. Mtoto hunyweshwa kwa kikombe kidogo, nacho ni rahisi kukosha kuliko chupa na nyonyo yake.

Katika jambo hili tunayo kumbukumbu yetu wenyewe. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) usiku mmoja alisikia mtoto akilia, akapita mara ya pili na ya tatu bado yualia, akamlaumu mama. Mama, asimjue ni nani, akamweleza kuwa anamwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hawapi posho ila watoto walioachishwa. Umar akaswalisha Alfajiri hiyo akilia, hata kisomo chake hakikufahamika vyema, kisha akaamuru posho itolewe kwa kila mtoto tangu kuzaliwa. Hakumhubiria mama yule. Aliibadili sheria iliyomsukuma. Na hapa Kenya pia yameonekana matunda ya juhudi: uchunguzi wa taifa wa mwaka 2003 ulikuta watoto 13 tu katika kila 100 walio chini ya miezi 6 wakinyonya maziwa matupu, na mwaka 2014 wakawa 61. Lakini mwaka 2022 walikuwa 60. Tumesimama, na twadhani miezi 3 ile ya likizo ni sababu mojawapo.

Twaja sasa katika itikadi iliyowatesa wanawake wa pwani kuliko nyingine zote katika mlango huu, nayo ni ya kubemenda. Husemwa kuwa mume akimkaribia mkewe anyonyeshaye, au mama akishika mimba, maziwa huharibika na mtoto hubemendwa: hudhoofu, miguu hulegea, tumbo hufura, nywele hugeuka rangi. Kwa hofu hiyo mtoto hunyang'anywa ziwa ghafla. Au mke hukimbiwa miaka 2, na mume akapata kisingizio cha kutafuta kwingine. Na mtoto akiugua kwa sababu yoyote, mama huaibishwa mbele ya watu.

Jambo hili si geni. Waarabu nao waliliogopa, wakaliita ghila. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa kutoka kwa Judama binti Wahb kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa ameazimia kulikataza, kisha akawatazama Warumi na Waajemi, akaona kuwa wao hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, basi hakulikataza. Tazama, ndugu msomaji, lilivyopimwa: halikupimwa kwa uvumi, lilipimwa kwa kutazama hali ya watu. Nani basi awezaye kuharamisha leo kile kilichoachwa siku ile kwa hoja iliyo wazi?

Hata hivyo wazee hawakuwa vipofu. Waliona kitu cha kweli, wakakosa sababu yake. Daktari Williams tuliyemtaja, alipokuwa Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana, aliwakuta watoto wa mwaka 1 hadi 3 wenye dalili zizo hizo, miguu iliyofura na nywele zilizopauka, na mwaka 1935 akauandika ugonjwa huo kwa jina lililotumiwa na Waga wenyewe, kwashiorkor, yaani maradhi yampatayo mtoto wakati mdogo wake azaliwapo. Kwetu huitwa unyafuzi. Waga na Waswahili waliona mamoja: mimba mpya, kisha mtoto mkubwa kuharibika. Lakini mimba haiyatii maziwa sumu. Kilichomharibu ni kuondolewa ziwa ghafla akapewa uji mtupu wa muhogo au mahindi, bila samaki, yai, kunde wala maziwa. Kwa hivyo ile kinga ya kubemenda, yaani kumwachisha mtoto haraka, ndiyo iliyokuwa ikimleta mgonjwa.

Mama akishika mimba naye yuanyonyesha, maziwa huweza kupungua na ladha kubadilika. Na amzidishie mtoto chakula kizuri, aendelee kunyonyesha kama afya yake yaruhusu. Na kama hataki mimba ya karibu, ajue kuwa kunyonyesha kwenyewe ni pazia: mama ambaye mtoto wake hajatimiza miezi 6, ambaye hedhi haijarudi, naye hunyonyesha maziwa matupu mchana na usiku, watakaoshika mimba hawafiki 2 katika 100. Likikosekana moja katika hayo matatu, pazia limefunuka, na waulize kliniki.

Kwa saumu tutakuwa wafupi. Anyonyeshaye ameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani akijichelea nafsi yake au mtoto. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, akijichelea nafsi yake hulipa siku hizo tu. Akiacha kwa kumchelea mtoto peke yake, hulipa na kutoa fidia ya kibaba kwa kila siku. Wenye watoto wa miezi michache, ambao wote hula kutoka ziwani, wasione fahari kuikataa ruhusa hii.

Mtoto akitimiza miezi 6 huanza chakula: uji mzito usiomwagika kijikoni, ndizi au papai lililopondwa, kiazi kitamu, yai, samaki aliyechambuliwa miiba, ini kidogo, kunde zilizochujwa. Uji mwepesi kama maji ni udanganyifu. Na kumlikiza ziwa kabla ya miaka 2 kumeruhusiwa katika aya ile ile, lakini kwa kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili, si kwa amri ya mmoja wala ya mama mkwe.

Limebaki swali ambalo binti yetu ameliuliza kwa haya, kwamba jirani yake, mama wa Kimasai mwenye mtoto wa rika hilo, alijitolea kumnyonyesha mwanawe siku alizokuwa na homa kali, je, yafaa? Yafaa, wala si sharti mnyonyeshaji awe Mwislamu, ila na ahakikishe kliniki kuwa mama huyo ni mzima, kwani yako maradhi yapitayo katika maziwa. Lakini kunyonya huleta undugu. Kwa madhehebu yetu, mtoto akinyonya mara 5 zilizo mbalimbali kabla ya kutimiza miaka 2, mama yule huwa mama yake, mumewe huwa baba yake, na watoto wao wote huwa ndugu zake asioweza kuoana nao. Wako maulamaa wengine waonao kuwa hata mnyonyo mmoja hutosha.

Kwa sababu hiyo hiyo wengi wametuuliza juu ya benki ya maziwa ya mama iliyofunguliwa katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019, ya kwanza Kenya. Maziwa ya mama waliojitolea na kupimwa hupashwa moto wa nyuzi 62.5 kwa nusu saa, wakapewa watoto wadogo mno ambao mama zao wamekufa au hawajaweza. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1985 lilizikataza benki za namna hii, kwa kuchelea nasaba kuchanganyika. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliziruhusu, akiona kuwa kunyonya ni kwa ziwa, si kwa kijiko, na kuwa wasiojulikana hawathibitishi undugu. Sisi twaelekea kwenye tahadhari palipo na nafasi. Lakini mtoto wa kilo 1 aliye hatarini hangojewi mpaka wanavyuoni wakubaliane. Kuokoa nafsi ni katika makusudio makubwa ya Sharia. Mzazi na aombe hospitali imwandikie majina ya waliotoa maziwa, na asipoyapata, maziwa yasizuiwe.

Kwa jirani wa Kona Baridi jambo ni jepesi, kwani yuajulikana. Binti yetu na achukue kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, aandike ukurasa wa mwisho jina la mama yule, jina la mumewe na ukoo wao, tarehe na idadi ya minyonyo. Kisha ampe jirani karatasi yenye maneno hayo hayo, na nakala ya tatu aipeleke kwa mama yake Mombasa.